INJINI ILIYOPOZWA KWA UPEPO

Maneno ya hotuba iliyosomwa na mfasiri mmoja wa serikali mjini Nakuru, mbele ya mafundi wa magari na pikipiki.



Kazi yangu mimi ni kufasiri. Sikujifunza ufundi, na mikono yangu, kama mwionavyo, haina alama ya oili. Nilianza kuitafuta habari ya injini hii kwa sababu ya kosa. Siku moja niliandika katika tafsiri yangu maneno "injini ya baridi", nikidhani nimesema injini inayopozwa kwa hewa. Fundi mmoja wa hapa kwetu, mtu mzima wa kuheshimika, aliisoma karatasi ile akacheka hata machozi yakamtoka, kisha akaniambia, "Mwalimu, injini ya baridi ni injini iliyozimwa." Niliona haya, nikaenda kujifunza. Haya nitakayowasimulia ndiyo niliyoyapata, na mengi nimeyapata kwa kuuliza watu wa kazi yenu.

Kila mmoja wetu aliyesafiri kutoka hapa kupanda kuelekea Mau Summit na Timboroa amepata kuona lori limesimama kando ya njia, boneti iko wazi, mvuke unafoka katika rejeta kama chungu kilichosahauliwa mekoni, na utingo anakuja mbio na debe la maji. Mzigo ni mzito, mlima ni mrefu, na maji yenyewe hayavumilii. Hapa Nakuru tupo futi 6,000 na zaidi juu ya bahari, na maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, wala hayangoji 100 kama ya Mombasa. Kadiri lori linavyopanda ndivyo maji yake yanavyochemka mapema.

Basi fikirini lori lile linaruka. Hapana kando ya njia pa kusimama, wala hapana utingo wa kutumwa majini. Waundaji wa ndege wa zamani walilijua jambo hili vizuri. Injini nyingi za ndege katika vita vya 1914 hadi 1918 zilipozwa kwa maji, na kila moja ilibeba rejeta yake, mabomba yake, pampu yake na maji yenyewe, mambo yote yenye uzito na yenye kuvuja. Mpira mmoja ukipasuka, au risasi moja ikitoboa bomba, maji yalikwisha, na dakika chache baadaye injini nayo ikakwisha.

Njia ya pili mnaijua ninyi kuliko mimi, maana mnaishika kila siku. Tazameni silinda ya bodaboda. Ina mapezi mengi membamba, yamepangwa kama kurasa za kitabu, na upepo wa mwendo hupita katikati yake ukichukua joto. Hapana rejeta, hapana maji. Injini ninayotaka kuwaeleza ni bodaboda tisa zilizofungwa pamoja kwa duara. Lakini msiidharau kwa mfano huo, kwa maana silinda moja tu ya injini ile ina ukubwa wa sisi 2,770 hivi, yaani ni zaidi ya mara 18 ya pikipiki ya sisi 150.

Jina lake ni Mercury, nayo ilitengenezwa na kampuni ya Bristol ya Uingereza. Ilikuwa na ndugu wawili. Mkubwa wao, Jupiter, iliwashwa mara ya kwanza mwaka 1918. Bwana aliyeongoza kazi ya kuzibuni zote tatu ni Roy Fedden, aliyezaliwa mwaka 1885. Kampuni aliyoanzia Jupiter ilifilisika, na mwaka 1920 kampuni ya Bristol ikamchukua yeye na injini yake pamoja. Haikujuta, maana Jupiter iliundwa kwa ruhusa katika nchi nyingi, Ufaransa, Polandi, Urusi, hata Japani. Mercury ilifuata katika miaka ya 1920, na Pegasus mwaka 1932. Zote tatu zina silinda tisa, na upana wa kila silinda ni ule ule, milimeta 146. Tofauti kubwa ni mwendo wa pistoni. Ya Mercury husafiri milimeta 165, ya Pegasus 190. Kwa hiyo Mercury ilikuwa nyepesi ya kukimbia, na Pegasus ilikuwa na kifua cha kubeba mizigo.

Sasa kwa nini zipangwe kwa duara? Ziko injini za hewa zilizopangwa kwa mstari. Bibi Beryl Markham, aliyekulia pale Njoro, alipovuka bahari ya Atlantiki peke yake toka mashariki kwenda magharibi mwezi wa Septemba, 1936, ndege yake ilikuwa na injini ya silinda sita zilizofuatana mstari mmoja, nayo pia ilipozwa kwa hewa. Ilimfikisha. Lakini mpangilio wa mstari ni kama watu walio katika foleni kwenye upepo. Wa mbele hupata upepo safi, na wa nyuma hupewa pumzi ya moto ya mwenzake, asipofanyiwa njia maalumu ya kupitishia hewa. Silinda za Mercury zilikaa kama watu tisa waliozunguka sinia moja, na kila mmoja alikuwa amekabili upepo kwa uso wake mwenyewe. Kipenyo cha injini nzima kilikuwa futi 4 na inchi 3 na nusu. Tena kwa kuwa silinda zote ziko katika duara moja, krankshafti yake ilikuwa fupi, na kitu kifupi huwa chepesi na kigumu kupinda.

Katika sinia ile mkono mmoja ndio mkubwa. Konrodi moja imeshika krankshafti yenyewe, na zile nane zilizobaki zimeshikizwa katika kichwa cha hiyo moja. Na mtu akiuliza kwa nini tisa, kwa nini si nane au kumi, jibu lake lilinipendeza sana. Ninyi mnajua kwamba silinda hupumua kwa hatua nne, huvuta, hushindilia, huwaka, hutoa, na kwa kazi hiyo krankshafti huzunguka mara mbili. Moto wa Mercury huruka silinda moja na kuipata inayofuata: ya 1, ya 3, ya 5, ya 7, ya 9, kisha bila kusita ya 2, ya 4, ya 6, ya 8, na kurudi kwenye ya 1. Kwa mizunguko miwili zote tisa zimepata zamu, na nafasi kati ya moto na moto ni sawasawa. Zingekuwa nane, mzunguko wa pili ungeziangukia zile zile za kwanza, na nusu ya silinda zingekaa bila kazi. Nimeijaribu hesabu hii kwa punje za mahindi mezani kwangu, nanyi mwaweza kuijaribu.

Katika Afrika ya Mashariki ndugu hawa walitangulia kuingia kwa njia ya barua. Tarehe 28 Februari, 1931, kampuni ya Imperial Airways ilifungua safari ya kila juma kutoka London hadi Mwanza kwa njia ya Kairo, Khartoum na Kisumu. Kutoka Khartoum kuja kwenye ziwa Victoria barua zililetwa na ndege za majini, kila moja ikivutwa na injini tatu za Jupiter. Mwaka 1937 zikaja ndege kubwa zaidi za majini, zenye injini nne za Pegasus, kila injini na nguvu za farasi 920. Hizo zilitua Kisumu, zikapita juu ya nyanda hizi zetu kwenda Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, hata Durban.

Lakini Mercury ilikuja Nakuru kwa ajili ya vita.

Mwaka 1941 kikosi cha mafunzo nambari 70 cha jeshi la anga la Uingereza kilihamia hapa kutoka Misri, kikakaa mpaka 1943. Ndege waliyofundishiwa vijana ilikuwa hasa Blenheim, yenye injini mbili za Mercury, na ndani yake watu watatu: rubani, mwongoza njia na mpiga bunduki. Walikuwa vijana waliokwisha kujifunza kurusha ndege ndogo mahali pengine, na hapa ndipo walipofundishwa kushika ndege ya vita wakiwa watatu kwa pamoja. Tena wengi wao walitoka katika nchi zilizo karibu na usawa wa bahari. Na hapa, mabwana, ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Hewa ina kazi tatu katika ndege ya namna hii. Ya kwanza ni kuliwa, maana petroli haiwaki bila hewa. Ya pili ni kupoza, kama nilivyokwisha kueleza. Ya tatu ni kubeba, kwa kuwa bawa hulala juu ya hewa kama mtumbwi juu ya maji. Na hewa ya Nakuru ni nyepesi. Ukijaza debe kwa hewa ya hapa na debe jingine kwa hewa ya pwani, debe la hapa limepungukiwa kwa karibu sehemu moja katika sita. Wakati wa jua la mchana hupungukiwa zaidi, kwa maana hewa ya moto hutanuka.

Katika kazi ile ya kwanza Bwana Fedden na wenzake walishinda. Nyuma ya silinda za Mercury waliweka feni ndogo yenye nguvu, inayozungushwa kwa gia upesi kupita krankshafti yenyewe mara nyingi. Feni hii huivuta hewa pamoja na petroli na kuishindilia ndani ya silinda. Kwa ajili yake injini haikusikia njaa ya mlimani. Mercury ya namna ya nane, iliyofungwa katika Blenheim za kwanza, ilitoa nguvu zake nyingi, za farasi 840, ikiwa futi 14,000 juu. Kwa hiyo hapa Nakuru haikuwa imepanda hata nusu ya mlima wake. Kijana aliyesukuma mkono wa mafuta aliisikia injini ikinguruma kwa nguvu zote, na saa iliyopima msukumo wa hewa ilimwambia kwamba mambo ni mazuri.

Saa ile haikusema uongo. Lakini haikusema yote. Feni iliishindilia hewa inayoliwa, na hewa inayobeba mabawa haikuguswa, wala ile ipitayo katikati ya mapezi. Katika hewa nyepesi ndege hupaswa kukimbia zaidi ndipo bawa lipate kushika. Saa ya mwendo mbele ya rubani husoma namba ile ile aliyoizoea, lakini ardhi chini yake hupita kwa haraka zaidi, karibu sehemu moja katika kumi. Njia ya kurukia iliyotosha kule kwao haikumtosha hapa. Alihitaji nyongeza ya sehemu moja katika tano, au zaidi. Akiwa hakuizoea hali hiyo, moyo humwambia, "Mbona miti inakuja na bado hatujainuka?" Akaivuta ndege kabla ya wakati wake. Ndege iliyoinuliwa kabla ya wakati haina mwendo wa kutosha, na isiyo na mwendo huanguka.

Na Blenheim haikuwa ndege ya kumsamehe mtu. Vishikio vya kugeuza pembe ya rafadha (vijana wengi huiita panga boi) vilikuwa nyuma ya rubani, naye alivitafuta kwa kupapasa. Rafadha zenyewe zilikuwa na pembe mbili tu, moja ya kurukia na moja ya kusafiria, wala hazikuweza kugeuzwa zikakata upepo kwa ubapa. Kwa hiyo injini moja ikizimika mara baada ya kuruka, rafadha yake haikutulia. Iliendelea kuzungushwa na upepo, ikawa kama breki upande mmoja, na ndege ikavutwa kugeukia huko. Rubani alikuwa na dakika isiyotimia ya kuinamisha pua, kupata mwendo, na kuinyosha. Alikuwa na miaka 20, au haijafika.

Makaburi ya wanahewa wa wakati ule yapo hapa mjini, katika makaburi ya Nakuru ya kaskazini. Nilikwenda kuyatazama kabla ya kuandika hotuba hii. Sitawasomea majina, maana walio wao si wangu kuwataja. Nitasema hili tu, kwamba watu hawa hawakuuawa na adui. Vita vilikuwa mbali. Walikuwa wanajifunza.

Turudi kwenye mapezi. Kazi ya kupoza ilisimamiwa na rubani mwenyewe. Injini ilivikwa koti la bati la mviringo, na nyuma ya koti kulikuwa na vilango vidogo vinavyofunguliwa na kufungwa. Ukiwa chini, au ukipanda polepole, unavifungua ili upepo upite kwa wingi. Ukisafiri kwa kasi unavifunga, maana vilango wazi huikwaza ndege. Injini hii ikiwa imesimama uwanjani inanguruma haipati upepo ila ule wa rafadha. Ndege iliyokaa sana katika foleni mchana wa jua kali ilikuwa inajipika. Rejeta ya maji ingalitoa mvuke, na mvuke ni mlalamikaji mzuri, kila mtu humsikia. Silinda ya hewa hailalamiki. Joto huongezeka kimya kimya, oili hulegea, mpaka siku pistoni inaposhika.

Jambo jingine la kimya lilikuwa katika silinda za chini. Injini ikilala usiku kucha, oili hutiririka taratibu ikajikusanya katika silinda zile zinazotazama ardhi. Oili haishindiliki kama hewa. Mtu akiwasha injini bila kujua, pistoni hupanda ikagonga oili kama mtu anayegonga ukuta, na konrodi hupinda. Kwa sababu hiyo kila asubuhi mafundi waliizungusha rafadha kwa mikono, polepole, mizunguko kadha wa kadha, kabla ya kuwasha. Wakiona imekuwa nzito, waliacha kuisukuma, wakatoa plagi za silinda za chini, oili ikamwagika. Nawapenda sana mafundi hao kwa subira hiyo.

Mtaniuliza kama hatari hii ya njia fupi na hewa nyepesi iliwapata wanafunzi peke yao. Hasha. Tarehe 14 Machi, 1939, ndege ya majini iitwayo Corsair, yenye injini nne za Pegasus, iliondoka Port Bell, Uganda, kwenda Juba. Ilipotea njia, na petroli ilipokaribia kwisha rubani, mtu mwenye uzoefu mwingi, aliiteremsha katika mto Dungu karibu na Faradje, Kongo. Abiria walipona, lakini mwamba ulipasua tumbo la ndege. Mafundi walikuja kutoka Uingereza wakaitengeneza huko huko porini. Mwezi wa Julai wakajaribu kuirusha. Injini zilikuwa nzima, nguvu zilikuwapo, lakini mto ulikuwa mwembamba na mfupi, na ndege ikagonga mwamba tena. Ikawabidi kuanza upya, na safari hii wakatengeneza na mto wenyewe. Wakongo wa pale walifanya kazi ya kujenga boma la kuzuia maji, mto ukajaa, ukapatikana urefu wa kutosha. Tarehe 6 Januari, 1940, Corsair iliruka ikaenda zake. Ilikuwa imekaa pale karibu miezi kumi. Mimi huona boma lile kuwa sehemu ya injini, ingawa waundaji wa Bristol hawakulichora.

Baada ya vita ndege za majini ziliendelea kwa muda mfupi, na nyingine zilitua hapa jirani katika ziwa Naivasha, mpaka shirika la BOAC lilipoziacha mwaka 1950. Hizo zilikuwa na injini za Hercules, mdogo wao hawa, zenye silinda 14 katika safu mbili. Kisha zikaja injini za jeti. Za Mercury zilikwisha kuundwa zaidi ya 20,000, na leo zinazozunguka ni za kuhesabika kwa vidole. Blenheim moja ilifanyiwa matengenezo ya miaka mingi kule Duxford, Uingereza, ikaruka tena mwaka 2014.

Nimalizie kwa jambo moja nililoliona njiani nilipokuwa nakuja hapa. Mbele yangu palikuwa na bodaboda ikipanda njia ya Menengai, imebeba abiria wawili na gunia la viazi. Mwenyewe ameifunga ngozi pana mbele ya miguu ili asirukiwe matope, na ngozi ile imeifunika silinda yote. Nyuma ya ngozi, mapezi yalikuwa yamejaa udongo uliokauka, huwezi kupitisha hata ukucha. Mlimani mwendo ni mdogo, upepo ni mdogo, na hewa yenyewe, kama nilivyowaeleza, ni pungufu kwa sehemu moja katika sita. Nilimpungia mkono asimame. Alidhani nataka kupanda, akanionyesha kwamba hana nafasi.

Kama yumo humu ndani, namwomba aje tuonane baada ya mkutano. Nimechukua mswaki wa waya.